Mwaka wa Kusoma Vitambaa

Jolie alinipigia simu kuniambia kwamba baba yake, Papa Anselme, amekufa, na kwamba familia imekaa ikakubaliana kuwa mimi ndiye nitakayezungumza kwenye kilio kwa niaba ya wauguzi aliowafundisha kazi. "Mama Noella, weye njo ulikuwa mutoto yake ya kwanza ku kazi," alisema huku analia. "Utaelezea bantu vile ulimuona." Nilimpa pole, nikamwahidi kwamba nitafika Sake siku ya tatu, nikakata simu, halafu nikaitupa kitandani kwa nguvu hadi ikaruka chini. Nieleze nilivyomwona! Nakaribia miaka hamsini, nimevaa koti jeupe maisha yangu yote ya utu uzima, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza nilimwonaje mtu yule. Nilikuwa na hasira naye akiwa hai, na sasa amekwenda kufa kabla hasira yangu haijaisha. Nilifunga kitenge cha kilio, nikapanda pikipiki, na njia nzima nilikuwa nasema peke yangu ndani ya kofia ya chuma, maneno ambayo mtu hasemi akienda kuzika.

Sake walikuwa wametandaza turubai mbele ya nyumba, viti vya plastiki vimepangwa, maharagwe yanachemka nyuma. Watu walisimama mmoja mmoja kumsifu. Mzee mmoja aliyewahi kuchimba madini huko Walikale alisema, "Papa Anselme alikuwa na macho ya kidokteri. Hakukuwa na mashini, hakukuwa na maabara. Alikuwa anaangalia tu kitambaa yako, anakuambia ugonjwa yako." Watu wakaitikia kwa kuguna, wengine wakatikisa kichwa kwa heshima. Mimi niliminya kikombe cha chai hadi kikanichoma vidole. Kwa sababu vile vitambaa nilivisoma na mimi. Nilivisoma mwaka mzima, nikasifiwa kwa kuvisoma, na kimoja kati ya vile nilivyosoma kilikuwa cha rafiki yangu Mapendo, ambaye siku hiyo ya kilio alikuwa ameketi mstari wa pili, kitambaa cheusi kichwani, mwanamke asiyejua mpaka leo kwa nini hakupata mtoto.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili, cheti cha uuguzi mkononi, na nikatumwa kwenye kituo kidogo cha afya upande wa Walikale, ndani ya msitu, mwendo wa siku nzima kwa miguu kutoka Hombo. Ilikuwa nyumba ya mbao yenye vyumba vitatu: cha kuzalishia, cha kupokelea wagonjwa, na changu. Ukuta kati ya chumba changu na cha wagonjwa ulikuwa wa mbao zilizoachana, kwa hiyo niliyasikia yote, na nikiinama niliyaona nusu. Papa Anselme ndiye alikuwa titulaire, muuguzi mkuu wa kituo. Alikuwa mtu wa Masisi kama mimi, mrefu, mwenye mikono aliyoiosha hadi kwenye viwiko hata kama ni kumpa mtu kidonge kimoja. Sitamnyima haki yake. Wengine walipokimbia yeye alibaki, na kuna watu wazima leo wanaotembea kwa sababu aliwatoa tumboni mwa mama zao wakiwa wametangulia kwa miguu. Ndiyo maana hasira yangu ni ngumu kuibeba. Kama angekuwa mlevi au mwizi ningemsahau zamani.

Desturi ya vitambaa aliianzisha mwenyewe. Alikata mashuka yaliyochakaa kuwa vipande vya ukubwa wa kiganja, akavichemsha, akavianika. Mtu akija na malalamiko ya "chini", mwanaume au mwanamke, alipewa kipande akakivae ndani ya nguo hadi kesho yake, akirudishe kimekunjwa kwenye jani la mgomba. Asubuhi Papa Anselme alivitundika kwenye kamba karibu na dirisha, akangoja jua lipande juu ya miti, kisha akaanza kusoma. Doa la njano, zito kama usaha, aliita sopisi, ndiyo kisonono, akachoma sindano. Doa jeupe la kukatikakatika kama maziwa yaliyoganda, lenye kuwasha, aliita la akina mama, akatoa vidonge vya kuweka ndani. La rangi ya majani lenye harufu lilikuwa na vidonge vyake vichungu. Kitambaa kikiwa safi, au kina unyevu mwepesi usio na rangi, alikikunja akamrudishia mwenyewe na kumwambia, "Uko muzima. Enda kazi." Wagonjwa walingoja nje wakiwa wameinamisha macho, na anayeambiwa ni mzima alitoka anacheka. Ugonjwa mmoja, doa moja, dawa moja, hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake, na kopo kubwa la doksi, yaani doksisiklini, lilikaa kabatini halijafunguliwa kwa sababu alilitunza kwa ajili ya kipindupindu, ambacho mwaka ule hakikuja.

Kufikia mwezi wa tatu alianza kuniita, "Noella, soma." Nilisimama mbele ya kamba na kuyataja magonjwa kwa sauti, naye akitikisa kichwa kukubali. Nilikosea mara chache. Kijijini wakaanza kuniita mtoto wa Titulaire, na mimi, mjinga, nilitembea shingo ndefu. Shuleni tulikuwa na somo moja tu, asubuhi ya mvua, juu ya ugonjwa uitwao klamidia, ambao unaweza kumkaa mtu bila doa lolote. Nililiandika kwenye daftari, na daftari likabaki ndani ya sanduku.

Nisikilize vizuri hapa, wewe unayesoma, hata kama unaona aibu. Kisonono na klamidia ni ndugu wanaofanana sura. Wote wawili huchoma wakati wa kukojoa, wote wawili hutoa uchafu. Wanasema cha kwanza huja mapema, siku chache tu, na usaha mwingi, na cha pili huja polepole, wiki mbili au tatu, na ute mwepesi kama wa makamasi. Lakini hayo ni ya vitabuni. Kwa mtu aliyesimama mbele yako, usaha wa njano unaweza kuwa umeficha ute mwepesi, na wengi wana yote mawili kwa pamoja. Na mwanamke, mara nyingi sana, haonyeshi kitu. Hana doa, hachomwi, anapalilia mihogo yake na kuimba kanisani, huku ugonjwa unapanda taratibu kwenye mirija ya uzazi na kuiziba. Jicho haliwezi kutenganisha mambo haya, la kwangu, la Papa Anselme, wala la profesa. Ndiyo maana pasipo maabara mtu hutibiwa yote mawili kwa mara moja, na mwenzake wa kitandani hutibiwa naye hata kama kitambaa chake ni safi kama shuka la askofu.

Hata kwenye vidonda alijiamini vivyo hivyo. Alikuja mtu wa kuwinda, ana kidonda kimoja kigumu chini, hakimuumi. Papa Anselme alimwambia kidonda kisichouma hakina neno, na kweli kikakauka chenyewe baada ya wiki kadhaa, mtu akaleta nyama ya pori kushukuru. Kaswende hufanya hivyo hivyo: kidonda kinakauka, ugonjwa unabaki ndani ya damu. Halafu akaja mama mwenye malengelenge madogo ya maji, yanauma mpaka anatembea ametanua miguu, yamekwenda na kurudi mara tatu. Huyo alichomwa penisilini ambayo kwa malengelenge yale haifanyi chochote. Aliyeihitaji sindano alipewa pongezi, asiyeihitaji akachomwa. Nami nilisimama pale nashika beseni.

Mapendo alikuwa mtu wa Kingi, nyumbani kwetu Masisi, ameolewa kule msituni na kijana mchimba madini aitwaye Eliya. Ukimwacha Papa Anselme, tulikuwa wawili tu tuliozoea baridi ya milima na viazi, kwa hiyo tulishikana siku ya kwanza. Hakuwa na habari ya kitu kingine isipokuwa mtoto. Kwa akina Eliya bibi arusi huhesabiwa mgeni mpaka azae, hukaa kwenye mkeka wa wageni, hapewi moto wake mwenyewe wala sufuria yake. Mwaka na nusu alikuwa anapikiwa na mke wa kaka mkubwa wa Eliya, Mama Sifa, mwanamke mweusi wa vicheko, mwenye mtoto mmoja wa kike mgongoni. Jumapili nilikwenda kula kwao. Mama Sifa alitwanga sombe, majani ya muhogo, mpaka jasho linamtoka, akaimwagia mawese, akaweka na samaki wa chumvi, na tulikula sote watatu kutoka sahani moja ya bati. "Kuleni, bantu ya baridi," alitutania. "Musipokula mutazaa batoto ya kukauka." Mapendo alicheka na kushika tumbo lake lililokuwa bado bapa.

Eliya alirudi kutoka machimboni mwezi wa tatu. Siku moja asubuhi nilimsikia upande wa pili wa mbao. "Papa, nasikia moto nikikojoa." Kitambaa chake kilikuwa cha njano hasa, hata mtoto angekisoma. Akachomwa sindano. Wiki mbili baadaye akarudi tena: "Papa, moto iliisha, lakini kila asubui inatoka tone moja ya maji maji." Nilimsikia Papa Anselme akicheka kwa upole. "Iyo ni mabaki. Inajisafisha." "Na bibi?" Eliya aliuliza, akimaanisha mke wake. "Bibi analalamika?" "Apana." "Basi usimutie woga." Lile tone la asubuhi! Leo mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza akiniambia kwamba tone linalobaki baada ya sindano ya kisonono ni mabaki, namtoa nje ya darasa. Lile tone ndilo lilikuwa klamidia yenyewe, inabisha hodi, na sisi watu wa afya tukaiambia ipite.

Mwezi wa tano Mapendo alikuja kituoni. Maumivu kidogo chini ya kitovu, damu kidogo baada ya kulala na mumewe, basi. Papa Anselme alimpa kitambaa, na kesho yake, kwa kuwa alikuwa rafiki yangu, akaniachia heshima. "Noella, soma." Nilikishika kwa ncha za vidole nikakiinua kwenye mwanga. Safi. Kilikuwa na unyevu kidogo, hakina rangi, hakina harufu. Niligeuka nikamwambia kwa furaha, kwa sauti ile ile ya Papa Anselme, "Uko muzima, dada. Enda kazi." Alinikumbatia. Papa Anselme akampa vidonge vya amiba ili asiondoke mikono mitupu. Eliya akarudi machimboni, na Mapendo akarudi kwenye mkeka wa wageni kungoja.

Kufikia mwezi wa nane alikuwa anaamka kwa shida. Homa, tumbo gumu, akitembea ameinama na kushikilia ukuta. Nilimchoma sindano ya homa, Papa Anselme aliniruhusu, ikapungua siku mbili ikarudi. Na pale pale neno likaanza kuzunguka kijijini, kwanza kisimani, halafu kanisani: karuho. Kwetu hakuna asiyelijua. Ni sumu ya polepole inayosemwa hutiwa kwenye chakula, na watu wanaiogopa kuliko risasi. Mganga aliitwa, akamtapisha Mapendo kwa majani mpaka akatapika nyongo, akauliza swali moja tu: nani anakupikia? Papa Anselme alipoulizwa na wazee alijibu kwa uzito, "Mimi kitambaa yake iko safi. Ile ugonjwa haiko ya hospitali." Ndugu msomaji, hilo ndilo lililomaliza yote. Mtu mwenye koti jeupe alithibitisha uchawi kwa ushahidi wa kipande cha shuka.

Siku nne kabla ya kikao cha wazee, kilichoitwa kumtafuta mtia sumu, alifika msimamizi kutoka ofisi ya afya ya wilaya, mwanamke mfupi mwenye matope hadi magotini, amekuja kwa pikipiki na kwa miguu. Alitembea chumbani, akaangalia kamba na vitambaa vyake, hakusema kitu. Halafu akasogelea kalenda ya parokia iliyokuwa imetundikwa ukutani, akaivuta. Chini yake ilikuwa imebandikwa karatasi kubwa yenye mishale na visanduku, mafundisho yote: mwanaume mwenye usaha, tibu magonjwa mawili, mwanamke mwenye maumivu chini ya tumbo, usingoje kuona doa, mwite mwenzake. Ilikuwa pale tangu kabla sijafika, safi, haijapigwa na jua. "Nani aliifunika?" aliuliza. "Ukuta ilikuwa na unyevu," Papa Anselme alijibu. Msimamizi akamwambia mengi kwa sauti ya chini, nami nikasimama mbele ya karatasi ile nikafuata mshale kwa kidole, kutoka maumivu ya tumbo mpaka kwenye jina la dawa, na dawa ilikuwa doksi. Ilikuwa kabatini nyuma ya mgongo wangu. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyojichukia saa ile, na haijapita.

Msimamizi alipoondoka, Papa Anselme aliirudisha kalenda kwenye msumari wake. Niliongea naye pale pale. "Papa, na Mapendo? Karatasi inasema—" "Karatasi haina macho," alinikata. "Papa, banataka kufukuza Mama Sifa. Tuwaambie." Aliketi, akaosha mikono yake ambayo haikuwa na uchafu wowote. "Ukienda kusema ku bantu ati Titulaire alikosa, kesho nani ataleta mutoto yake huku? Batarudi kwa baganga bote. Bamama batakufa na mimba mu tumbo. Unataka ivyo?" Halafu akaongeza, bila ukali wowote, "Na weye njo ulisoma ile kitambaa, Noella. Mimi sikuigusa." Hapo alinishika. Alijua pa kunishika.

Nilifanya nini? Nilifanya kitu ambacho kwa miaka mingi nilikiita ushujaa. Nilifungua kopo la kipindupindu, nikahesabu kapsule ishirini na nane, nikazifunga kwenye karatasi na kumpelekea Mapendo. "Ni dawa ya kuongeza damu," nilimwambia. "Moja asubui, moja mangaribi, na chakula, mpaka iishe. Usiambie mutu." Alimeza ya kwanza mbele yangu. Nilirudi kwangu nikiwa mwepesi, nikidhani nimerekebisha mambo bila kumwaibisha mtu. Nilikuwa nimemwibia ukweli na kumpa kidonge badala yake.

Kikao kilifanyika adhuhuri, uwanjani kwa akina Eliya. Mapendo aliletwa akiwa ameegemea watu wawili. Mzee aliyeongoza akamuuliza anamshuku nani. Akanyoosha mkono. "Ni Mama Sifa. Sombe yake njo naikula tangu nilifika hapa." Mama Sifa alimtazama kama mtu aliyeitwa kwa jina la mtu mwingine. "Mapendo, nilikupikia juu ulikuwa na njaa," alisema. Tu. Hakujua hata kujitetea. Mimi nilikuwa karibu na mlango, nimesimama, nimekula sombe ile ile kila Jumapili kutoka sahani ile ile, na tumbo langu halikuwahi kuuma hata siku moja. Nilikuwa na sentensi mbili za kusema. Nilimtafuta Papa Anselme kwa macho, naye akawa anaangalia miti. Jioni haijafika Mama Sifa alikuwa ameshika njia ya Hombo, mtoto mgongoni, sufuria kichwani, na mume wake hakumsindikiza.

Sasa sikia ubaya wenyewe. Siku ya tano baada ya kikao, homa ya Mapendo ilikatika. Siku ya nane alikuwa anakaa, anaomba viazi. Kufikia kapsule ya mwisho alitembea wima hadi kisimani, na kijiji kizima kilipiga vigelegele. "Munaona? Mulozi alitoka, na ugonjwa ilitoka." Dawa yangu ya siri ndiyo iliyotia muhuri hukumu ya Mama Sifa. Hata waliokuwa na shaka hawakuwa nayo tena. Mapendo mwenyewe alinishika mikono akaniambia, "Sasa nitazaa." Mirija ilikuwa imekwisha kuziba. Mwisho wa mwaka niliomba kuhamishwa, nikapewa kituo kingine mbali, na baada ya miaka miwili nikasikia kwamba Eliya amemrudisha kwao Kingi na kuoa mwingine. Huko amelima maharagwe na viazi na kulea watoto wa kaka zake. Kila nilipokutana naye sokoni Sake tulisalimiana kwa furaha, nikanunua viazi vyake, nikaondoka haraka.

Ndipo sasa, chini ya turubai, Mapendo akasimama kabla yangu kumsifu Papa Anselme. "Aliniangalia vizuri," alisema. "Aliniambia kweli: ugonjwa yangu haiko ya hospitali. Bengine bangenidanganya, bangenichoma masindano. Yeye aliniambia kweli, na nikapona." Watu wakapiga makofi. Jolie akaniita jina. Nilisimama, nikasema, "Poleni familia," na kila mtu akangoja yafuatayo. Nilikwenda mstari wa pili, nikamshika Mapendo mkono, nikamvuta nyuma ya nyumba, kwenye masufuria, ambako wanawake walituachia mabenchi mawili na rundo la viazi vya kumenya.

"Haikukuwa karuho," nilimwambia. Alianza kumenya kiazi, mikono yake haijui kukaa. "Nini haikukuwa karuho?" "Ile tumbo yako. Ilikuwa ugonjwa ya Eliya. Sindano iliponesha nusu, nusu ingine alikuletea. Ile haionekanake ku kitambaa, Mapendo. Nilisoma kitambaa yako nikakuambia uko muzima, na haukukuwa muzima." Alicheka kidogo. "Noella, kilio inakuchanganya. Karuho yangu ilitoka siku Mama Sifa alitoka. Bantu bote baliona." "Ilitoka juu ya ile dawa ya damu nilikupa. Haikukuwa ya damu."

Kisu kilisimama. Ganda la kiazi lilining'inia. Nyuma yetu walianza kuimba wimbo wa kanisa. "Ulijua siku gani?" aliuliza. "Mbele ya kikao. Ilibaki siku ine." "Na ulikuwa pale ku mulango." "Nilikuwa." "Na sombe ulikula." "Nilikula, kila Jumapili." Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza. "Kama ungenipa ile dawa ile siku ya kitambaa, ningezaa?" Nilianza kusema pengine, kwamba mambo haya hayana uhakika, kwamba wakati mwingine hata ukitibiwa mapema, na akanikata kwa sauti ambayo sikuijua. "Usinipe pengine! Miaka yote ulinipa ukimya, leo unanipa pengine?" "Ungezaa," nilisema. "Naamini ungezaa." Hakulia. Ningependa kusema alilia, ingenisaidia. Aliweka kiazi chini, akafuta kisu kwenye kitenge chake, akasimama.

"Simama," aliniambia. "Mapendo, kilio haiyaisha." "Mama Sifa alikufa kule Hombo bantu banakataa kukula ku sahani yake. Unajua? Mutoto yake, Sifa, iko hapa ku soko, anauzisha mawese. Kila siku ya soko namukwepa, nazunguka kule nyuma ya bamabati, juu naogopa mutoto ya mulozi. Mimi!" Aligonga kifua chake kwa ngumi. "Nilinyosha mukono mbele ya kijiji muzima. Simama, tuende." Nikamwambia kwamba Sifa anaweza kutufukuza, anaweza kupiga kelele, na familia ya marehemu iko hatua chache tu. "Apige," alisema. Akatangulia.

Tulipita mbele ya turubai, Jolie akiniangalia mdomo wazi, tukavuka barabara ya Minova tukaingia sokoni. Sifa alikuwa ameketi nyuma ya madumu yake mekundu, mwanamke wa zaidi ya miaka ishirini na mitano, mweusi kama mama yake, na vicheko vile vile, anataniana na jirani anayeuza makayabu, samaki wa chumvi. Hakutujua. Angetujuaje, alikuwa mgongoni siku ile. Alituona tumesimama mbele yake tumevaa nguo za kilio, akaacha kucheka kwa heshima, akatupa pole, akachukua kopo lake la kupimia na kuuliza, "Bamama, niwapimie ngapi?"

Mapendo alisogea pembeni ili nibaki peke yangu mbele ya meza.

"Sema," aliniambia.